Nimemwacha Kwenye Falaji

Zuwena aliniambia: lete kalamu ya risasi, na njaa.
Ya wino haifai. Mtu utakayemwandika leo
kesho huenda akakatika kidole, au akaokota mali,
itabidi ufute.

Basi Alhamisi, baada ya Isha, nikapanda ghorofa ya tatu
nyuma ya duka la matairi, Mabela,
na bakuli la halwa mkononi, maana sikujua
wanaokwenda kucheza wakiwa watu wazima hubeba nini.
Kiyoyozi kinakohoa. Juu ya sufra ya plastiki
ramani iliyochorwa kwa mkono,
kikombe cha kahawa kimeshaipiga muhuri wake kusini,
na dadu. Si zile za ludo.
Moja ina nyuso ishirini, buluu,
kama kito kilichokosa pete.

"Anayeshinda anapata nini?"
Muhanna akacheka hata karanga ikampalia.
Hakuna anayeshinda.
Zuwena anasimulia, sisi tunaingia humo na kuishi,
pakiwa na shaka dadu inakata shauri.
Nilidhani wananificha kanuni.

Nikapewa karatasi: Nguvu. Wepesi. Akili. Haiba.
Mimi mhasibu wa duka la vigae, mwaka wa kumi na moja,
visanduku havinitishi.
Nikazigawa alama zangu kama mshahara,
kodi kwanza, Kisauni pili,
haiba ikapata chenji.

"Hizo hesabu," Zuwena akasema. "Mtu yuko wapi?"

Jina langu likanijia ulimini, nikalimeza.
Nikasema: mwanamke. Mwizi wa kufuli.
Anaitwa Chechele, kwa kuwa
wanaomfuata nyayo hupotea njia.
Hadaiwi na mtu.
Haombi ruhusa ya kusafiri.
Azzan aliinua macho kutoka kwenye karanga zake,
akasema, polepole, huyo namtaka upande wangu.

Taa kubwa ikazimwa.
"Paukwa," Zuwena akasema,
na hata Azzan, mzaliwa wa Sib,
ambaye Unguja anaijua kwa picha za ukutani,
alijibu "Pakawa" kabla sijafungua mdomo.

Kijiji chini ya jabali. Mitende imenyauka vichwa.
Miezi mitatu falaji haijatoa tone,
na huko juu, kwenye chanzo, joka limelala
limejiziba penye jicho la maji kama kizibo cha chupa.
"Chechele. Unafanya nini?"

Nikangoja aniambie.
Kazini naambiwa. Simu ya nyumbani inaniambia.
Hata lifti ya jengo letu hunitajia ghorofa yangu.
"Unafanya nini?" tena, bila haraka, akimenya chungwa.
"Naruhusiwa kufanya nini?"
"Sema tu. Tutaona."

Nikasema naingia mferejini, natambaa kwa tumbo,
viatu nimevifunga shingoni.
Nikasikia sauti yangu inasema viatu. Nani aliniuliza viatu?
Nikarusha.

Moja.

Meza nzima ikaguna. Nikaomba radhi
kama niliyevunja sahani ya watu.
"Radhi ya nini?" Zuwena macho yanamng'ara.
"Moja ndiyo tamu."
Jiwe likateguka. Joka likafumbua jicho, manjano,
pana kama sinia ya harusi,
na Chechele akabaki ananing'inia ukingoni
kwa vidole vinne. Cha tano nilikuwa nimekifuta.

Saa saba usiku. Zuwena akafunga daftari.
"Alhamisi ijayo," akasema,
kama mtu anayeahirisha kufua.

Leo Jumapili. Makontena mawili ya vigae vyeupe,
tajiri anataka hesabu kabla ya Adhuhuri.
Pembeni mwa ankara nimeandika, kwa risasi:
kamba?
Muhanna ana kamba?
joka linakula halwa?
Tajiri ameuliza ni bidhaa gani hizo.
Nimesema nitafuta.

Siku nne bado.
Vidole vinamchoka.